Miguu Iliyojua Njia Moja



Kwa muda wa miaka minne tulikuwa watu wa njia moja. Swala ya alfajiri ikishaswaliwa, tulikuwa tukikutana chini ya nyumba yetu huku Mji wa Kale, Mombasa, sisi watatu: ndugu wawili wa tumbo moja pamoja na wifi yetu. Kila mmoja alikuwa na buibui lake na viatu vyake vya raba. Tulishika Ndia Kuu, tukapita Fort Jesus, tukaingia barabara ya Mama Ngina yenye mibuyu mikongwe, tukafika Lighthouse, tukaugusa ukuta wa upande wa bahari kwa kiganja kama watoto wanaocheza kibe, kisha tukarudi kwa njia ile ile. Ilikuwa saa nzima, kwenda na kurudi, mwendo mmoja, siku sita kwa wiki.

Tulikuwa tukijulikana. Wauza madafu walitusalimu kwa majina ya watoto wetu. Madereva wa tuktuk walikuwa hawajisumbui tena kutupigia honi, kwani walijua hatupandi. Muuza kahawa mmoja alisema kwamba yeye hajui saa ila kwa kutuona sisi. Tulikuwa na fahari na jambo hilo, na fahari hiyo tunaikiri hapa mwanzoni kwa sababu ndiyo iliyotuchelewesha kuona yaliyokuwa yakitupata.

Mambo yalianza kwa maradhi. Mdogo wetu alipopimwa akakutwa na kisukari, daktari alimwambia, pamoja na dawa, atembee. Na kwa vile kwetu mwanamke hatembei peke yake alfajiri, tulitoka sote. Mwaka wa kwanza matunda tuliyaona kwa macho. Sukari ya mdogo wetu ilishuka, mabuibui yakatuzidi upana, na ile ngazi ya nyumba ambayo tulikuwa tukiipanda kwa vituo viwili tukaipanda kwa kimoja. Mwaka wa pili matunda hayakuongezeka wala hayakupungua. (Hatutaficha kwamba njiani kurudi palikuwa na mahali pa viazi karai, na kwamba siku nyingine tuliingiza tumboni zaidi ya tulichokitoa miguuni.) Mwaka wa tatu wifi yetu akaanza kuchechemea. Kisigino kilimuuma hasa anaposhuka kitandani, hatua zile za kwanza za asubuhi. Akishapata moto kilipoa, na jioni kikarudi. Nasi tulimwambia atembee tu, kitazoea. Huo ndio uliokuwa ushauri wetu kwa kila jambo.

Siku iliyotuamsha tulikuwa hitimani. Tulikwenda kuwapa pole watu wa mtaa wa pili, tukaketi juu ya mikeka kama ilivyo ada, miguu tumeikunja, juzuu mkononi. Kisomo kilipokwisha na dua ikaombwa, watu walisimama. Mkubwa wetu hakusimama. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akageuka upande ili apige magoti, na magoti yakamkatalia. Wasichana wawili wa nyumba ile, Mwenyezi Mungu awajaze kheri, walikuja wakamshika makwapani wakamnyanyua, wakimwambia, "Polepole, bibi." Mkubwa wetu ana miaka 62. Wasichana wa rika lile walikuwa wakimwita mama.

Njiani tulifanya mzaha, yeye akacheka pamoja nasi. Tulipofika nyumbani alikaa juu ya kitanda akalia. Tulidhani analilia aibu ya kunyanyuliwa mbele za watu. Alitwambia kwamba huu ulikuwa mwezi wa tatu anaswali juu ya kiti chumbani mwake, mlango ameufunga, nasi hatujui. Sheria imempa ruhusa. Hilo analijua na sisi tunalijua, mwenye udhuru huswali namna anavyoweza na swala yake ni kamili. Lakini hakujua udhuru huo umemjia kutoka wapi. "Mimi hutembea saa nzima kila siku," alisema. "Nimekosa nini?"

Na palikuwa na jambo jingine ambalo hakulitaja, ila sote tulilifikiri. Mwaka huo tulikuwa tumeanza kuwekeana fedha za kwenda Umra, kidogo kidogo kila mwezi. Tawafu ni mizunguko saba. Baada yake kuna Sa'yi baina ya Safa na Marwa, mara saba, na kila mara ni kama mita 450. Yaani zaidi ya kilomita tatu juu ya sakafu ngumu, katikati ya watu, na mtu amekwisha choka. Kisha kuna kusimama katika swala, kurukuu, kusujudu, kuinuka. Tulikuwa tukijiambia kwamba katika jambo la miguu sisi tumekwisha jitayarisha kuliko wengine.

Tulimwendea mtaalamu wa tiba ya viungo, msichana wa papa hapa pwani, umri wa binti zetu. Alitupokea kwa "Shikamoo, mama zangu," tukamwitikia, tukaanza kumhesabia miaka yetu minne ya Lighthouse. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akaweka kiti katikati ya chumba. Akamwambia mkubwa wetu akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila ya kushika popote. Mara ya tatu alirudi kitini kwa kishindo. Wifi yetu alitimiza tano, lakini alipoambiwa asimame kwa mguu mmoja kama korongo, hesabu haikufika sita. Mdogo wetu, ambaye kila siku alikuwa akitutangulia na kutungoja Lighthouse, aliambiwa ashushe mfuko wenye kilo chache kutoka rafu iliyo juu ya kichwa chake. Bega likamkatalia.

"Mwanangu," alisema mkubwa wetu, "sisi si wavivu."

"Najua, mama. Mvivu haumwi kisigino namna hii." Alicheka, sisi hatukucheka. "Miguu yenu imehifadhi somo moja. Hata mkiirudishia somo hilo mara elfu, haitaongeza jipya."

Tulichofahamu kwake, na tukazidi kukifahamu kila mwezi uliopita, ni kwamba mwili hujijenga kwa kazi unayotakwa kuifanya, na hausumbuki kwa ile usiyotakwa. Ukiutaka utembee mahali pa sawa kwa mwendo mmoja, moyo na mapafu na baadhi ya misuli ya mguu hujipanga kwa kazi hiyo. Ukishaiweza, huacha kuongeza, kwani kwa nini ujichoshe? Lakini misuli ya mapaja na ya makalio, ambayo ndiyo humwinua mtu kutoka chini, haitakwi jambo kubwa na lami iliyonyooka. Mabega na mikono haitakwi chochote. Na mtu akishapita ujana, misuli isiyotakwa haibaki pale ilipo. Hupungua mwaka baada ya mwaka bila ya kupiga kelele, mpaka siku utakapoihitaji. Upande wa pili, ule utando mgumu ulio chini ya unyayo wa wifi yetu ulikuwa ukipigwa mahali pale pale, kwa pembe ile ile, maelfu ya mara kila alfajiri, bila ya kupewa nafasi ya kujitengeneza. Katika miguu ile ile tulikuwa na sehemu zilizochoka kwa kutumiwa mno na sehemu zilizosinyaa kwa kutotumiwa, na zote mbili tulizipata kwa bidii yetu wenyewe.

Dawa yake aliiita mazoezi mseto. Jina hilo tulilipenda mara moja, kwani mseto kwetu ni wali uliopikwa pamoja na choroko, chakula cha mgonjwa na cha mzima. Hakutuambia tuache kutembea, na hilo tunalisisitiza kwa ajili ya yule atakayesoma nusu ya makala haya kisha akarudi kitandani. Alitutajia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za harakati za wastani kama kutembea kwa haraka, juu ya hizo, siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na aliyefika miaka 65 aongeze mazoezi ya namna mbalimbali, ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili asianguke. Sisi tulikuwa tumeshika sharti la kwanza tu, tukalitimiza na kulivuka, tukadhani tumemaliza. Hata Eliud Kipchoge, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mara mbili, ambaye hakuna awezaye kumfunza kukimbia, huwa na vipindi vya kuimarisha misuli mbali na mbio zake.

Usiku huo tulizungumza mpaka tukachelewa kulala. Jina la jambo lilikuwa geni, lakini jambo lenyewe tulilikumbuka. Mama yetu, Mungu amrehemu, hakufanya mazoezi hata siku moja katika umri wake. Angelisikia kwamba kuna mtu anayelipa ili anyanyue chuma angedhani tunamtania. Lakini alfajiri aliteka maji kisimani, mkono huu kisha ule. Alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, na mbuzi, kwa wasomaji wetu vijana waliozoea maziwa ya nazi ya pakiti, ni kibao kilicho shubiri chache tu kutoka chini. Aliinuka hapo akatwanga kinuni, mikono juu, kiuno kikicheza. Alichutama akafua. Aliinama na fagio la njiti ua mzima. Alipanda darini kuanika, akashuka, akapanda kuanua. Alasiri aliketi mkekani akashona ukili, na kila mgeni aliyepiga hodi alimwinuka. Harusini alikwenda kwa miguu. Kwa siku moja mwili wake ulizungushwa pande zote, na hapakuwa na kiungo kilichosahauliwa.

Hatusemi turudi kisimani. Mama yetu aliumwa mgongo mpaka alipofariki, na wengi wa rika lake walizeeka kabla ya wakati wao kwa kazi hizo hizo. Mfereji ni neema, na tunamshukuru Mungu kila unapotoa maji. Tunasema tu kwamba mfereji, blenda, kochi na tuktuk viliingia vikatuondolea kazi kumi, nasi tukarudisha moja.

Basi tukapanga wiki upya. Kutembea tulikuacha siku mbili badala ya sita, na hata siku hizo tukazivuruga: leo tunakwenda kwa mwendo wa kawaida, kesho kutwa tunaharakisha baina ya mbuyu na mbuyu kisha tunapoa, mara nyingine tunaiacha Lighthouse kabisa na kuzipanda na kuzishuka ngazi za Leven, zile za mawe zinazoteremka mpaka majini karibu na bandari ya kale. Siku mbili zilikuwa za darini, nyumbani kwetu, kabla jua halijawa kali. Fedha za klabu ya mazoezi hatukuwa nazo, wala hatukuzihitaji. Tulichukua madumu ya mafuta ya kupikia, ya lita tano, tukayajaza maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo hesabu ilikuwa nyepesi: anayeanza ajaze mbili, mwezi ujao tatu. Tuliyanyanyua mpaka begani, tuliyabeba mkono mmoja tukizunguka dari, tukausukuma ukuta kwa viganja kama watu wanaotaka kuuangusha, tukalala chali mkekani na kuinua viuno. Wifi yetu alisimama na vidole vya miguu ukingoni mwa kipandio, akateremsha visigino polepole na kuvipandisha polepole, kama alivyofunzwa, huku akijiegemeza ukutani. Na kila mmoja wetu alijifunza kusimama kwa mguu mmoja jikoni, mkono karibu na meza, chai ikichemka.

Mkubwa wetu alipewa kazi yake peke yake, na hiyo tutaieleza kwa urefu kwa sababu iliyobaki ni nyepesi kuielewa. Tabibu alimwambia asianze na sakafu. Aliwekewa kiti cha mezani chenye mito miwili juu yake, kirefu kama kiti cha mfalme, akakaa na kusimama mara nane, akapumzika, akarudia. Baada ya wiki tatu tuliondoa mto mmoja. Baada ya nyingine tatu tukaondoa wa pili. Kisha ikaja zamu ya kochi, ambalo ni la hatari kuliko linavyoonekana, kwani humeza mtu. Baada ya kochi kigoda. Na baada ya kigoda, mdogo wetu alikwenda stoo akaitoa mbuzi ya mama, aliyoirithi na kuisahau, akaipangusa vumbi, akauvua ule ulimi wa chuma, akaiweka mbele ya dada yake. Hakuna aliyesema neno. Mkubwa wetu aliiangalia kwa kitambo, akasema bismillahi, akaketi. Kuinuka siku hiyo alishika mkono wa mtu. Wiki ya pili yake alishika ukuta.

Hatukukosa kukosea. Wiki ya pili tu mdogo wetu, kwa haraka zake zile zile za kututangulia, alinyanyua madumu ya lita kumi, moja kila mkono, mgongo ukamfunga. Alilala chini siku tatu na akapumzika siku kumi, na tabibu akamkaripia kwa upole ambao mtoto humkaripia mzazi: "Mama, nilisema mbili, wewe ukasikia kumi." Tangu hapo tuliongeza kwa kijiko. Aidha, yeye kwa sababu ya kisukari na dawa zake hupima kabla ya kuanza na huweka tende mfukoni, kwani misuli ikifanya kazi hula sukari na inaweza kushuka ghafla. Mwenye maradhi ya moyo, presha au sukari asichukue makala haya kuwa ni cheti cha daktari.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa ya bahari. Hapa tuna aibu nyingine ya kukiri. Sisi ni watu wa kisiwa, bahari tunaiona kila tunapofungua dirisha, na wawili kati ya watatu walikuwa hawajui kuogelea. Wifi yetu, mzaliwa wa Lamu, alikuwa akijua tangu utotoni, akatucheka vya kutosha. Tulivuka daraja la Nyali kwa matatu ya kwanza, tukaingia majini na madera yetu na leso tumejifunga, wakati ufuo haujapata watu. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba kama nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani hupungua zaidi, ikabaki kama thuluthi. Mkubwa wetu alipoingia mpaka kifuani na kupiga hatua, alisimama, akatugeukia, akasema, "Magoti yangu yako wapi?" Hakuyasikia. Kwa muda wa miezi mingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Atakayekwenda baharini siku moja ya wiki atajifunza jambo ambalo wavuvi hawahitaji kuambiwa. Maji hayajai saa ile ile kila siku. Huchelewa kama dakika 50, na kwa siku saba huwa yamegeuka. Jumamosi hii ukiyakuta yamejaa alfajiri, Jumamosi ijayo utayakuta yamekupwa. Mwanzoni tuliona ni usumbufu. Baadaye tuliona kwamba bahari yenyewe inatupangia mseto: wiki hii tunatembea ndani ya maji na kuyasukuma kwa mikono, wifi yetu akitufunza kuelea, wiki ijayo tunatembea juu ya mchanga wa maji kupwa, ambao hauko sawa popote na huulazimisha mguu kujishika kila hatua. Wifi yetu huko mchangani huvaa viatu, kwa amri ya tabibu, kisigino kisije kikarudi.

Mdogo wetu aliipenda bahari mapenzi ya kupita kiasi. Baada ya miezi miwili alitaka tuache yote, dari na ngazi na madumu, twende majini siku tano. Tulimpelekea tabibu shauri hilo, naye akatikisa kichwa. "Maji yanakubeba, mama. Mfupa wako nao unataka kubebeshwa." Mfupa, alieleza, hubaki mgumu kwa kuchukua uzito, anayeogelea tu moyo wake utakuwa na nguvu na viungo vyake vitalainika, lakini mifupa ya mwanamke wa umri wetu inahitaji ardhi na mzigo.

Tukio hilo dogo lilitufunza zaidi ya kisigino. Tuliona kwamba tulikuwa tayari kuifanya bahari kuwa Lighthouse ya pili. Kila mmoja wetu alikuwa na zoezi lake la kujifichia, lile analoliweza na analosifiwa nalo. Aliyetutangulia njiani alikuwa wa mwisho darini, na ni tabu, tena tabu kubwa kuliko jasho, kwa mtu mzima mwenye wajukuu kuwa mwanafunzi mbovu mbele ya wifi yake. Wifi ni neno la pande mbili, na mzaha wake pia ni wa pande mbili. Tulipata kuona ghadhabu za kweli darini pale, kwa ajili ya dumu la lita tatu.

Mitaani maneno hayakukosekana. Palikuwa na waliouliza wanawake wa umri huu wanatafuta nini baharini alfajiri. Hatukujibu sana. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza akashinda Bi Aisha na mara ya pili akashinda yeye, na hilo lilitutosha. Ramadhani nayo ilipoingia tulihamisha madumu baada ya Tarawehe, tukayapunguza, na bahari tukaiacha mpaka Mfunguo Mosi.

Kisigino cha wifi yetu kilichukua miezi saba. Hakikupona kwa siku moja. Siku moja tu alitambua kwamba ameshuka kitandani na hakukifikiri. Sukari ya mdogo wetu, iliyokuwa imesimama mahali pamoja kwa miaka miwili, ilianza kushuka tena kidogo, na bega lake sasa linafika rafuni. Mkubwa wetu, alipowekewa tena kile kiti cha tabibu, alisimama mara tano mikono kifuani, akaongeza mbili bila ya kuombwa.

Tulikwenda Umra miezi kumi na mmoja baada ya siku ile ya hitima. Kaka yetu, ambaye ni mume wa wifi yetu, ndiye aliyetuchukua. Tawafu mkubwa wetu aliitimiza kwa miguu yake, akipumzika mara moja kwa zamzamu. Katika Sa'yi alikwenda mara tano. Ya tano ilipotufikisha Marwa, goti la kushoto lilimwambia basi, naye hakubishana nalo, kwani hilo pia alikuwa amefunzwa. Kaka yetu alileta kiti cha magurudumu. Mara mbili zilizobaki wifi yetu alikataa kumpa mtu mwingine, akakisukuma mwenyewe katika njia ya katikati, kutoka Marwa mpaka Safa na kutoka Safa mpaka Marwa, kwa mikono ya madumu ya lita tano.

Swala ya Isha siku hiyo tulisimama safu moja katika upande wa wanawake. Viti vilikuwapo, vimepangwa ukutani. Mkubwa wetu alivitazama akavipita. Alirukuu, akainuka, kisha akashuka, mkono mmoja chini, goti, goti la pili, akaweka paji la uso sakafuni. Tulikuwa katika swala na haijuzu kutazama huku na huku, kwa hiyo tulisikia tu: pumzi, kanzu ikigusa chini, na baada ya takbiri, mtu akiinuka kando yetu polepole mpaka akasimama. Katika tahiyatu mguu wa kushoto haukunji sawasawa mpaka leo, huunyoosha ubavuni.

Lighthouse bado tunakwenda, siku mbili kwa wiki. Muuza madafu alituita juzi kando, akatuuliza kwa sauti ya chini kama tuligombana, maana siku nyingine hatuonekani. Tulimwambia Jumamosi hii ndiyo hatatuona kabisa. Maji yatakuwa yamejaa alfajiri, na mkubwa wetu amekwisha toa dera lake.